Walijipaka masizi ili waruhusiwe jukwaani

Usiku wa Mei 23, 1921, wanaume watatu walisimama karibu na mlango wa kutokea wa ukumbi mmoja mkuukuu, barabara ya 63 jijini New York. Mguu mmoja ulikuwa ndani, mwingine umeelekea Harlem. Walikuwa tayari kutoroka. Mwenzao wa nne, Eubie Blake, hakuwa na bahati hiyo. Alikuwa mbele kabisa akiongoza okestra, na wenzake walijua fika kwamba nyanya na mayai viza vikianza kurushwa, kipara chake ndicho kitakachopokea mzigo wote.

Unajua walichokuwa wakiogopa? Wimbo wa mapenzi.

Haukuwa na tusi wala siasa. Mwanamke mweusi, Lottie Gee, na mwanamume mweusi, Roger Matthews, walikuwa wanasimama mbele ya hadhira ya wazungu na kuimbiana kwamba wanapendana, bila mzaha. Marekani ya wakati huo ilimpa mtu mweusi kazi moja jukwaani, nayo ni kuchekesha. Apende kwa dhati kama watu wengine? Huko kulionekana ni kujisahau.

Nyanya hazikurushwa. Watu walishangilia hadi wimbo ukarudiwa. Shoo yenyewe, iliyoitwa 'Shuffle Along', ilichezwa mara 504, na kila anayesimulia historia ya michezo ya muziki ya Broadway lazima apitie hapo.

Nimekuwa nikiifuatilia stori hii kwa majuma kadhaa sasa, kwenye simu, ndani ya matatu, usiku stima zikikubali. Kuna jambo moja ambalo limekataa kunitoka kichwani. Waandishi wa mchezo huo, Flournoy Miller na Aubrey Lyles, walikuwa weusi. Kila usiku kabla ya kupanda jukwaani waliketi mbele ya kioo, wakajipaka masizi usoni, ndipo wakatoka kwenda kuigiza watu weusi.

Ili uone walifikaje hapo, inabidi turudi nyuma kidogo, kwanza Paris. Mimi sikumaliza chuo, hivyo usitarajie mhadhara.

Opera za kale zilikuwa starehe ya wenye nazo. Zilikuwa ndefu, nzito, na mwishowe kuna mtu anakufa akiwa bado anaimba. Mwaka wa 1855 jamaa mmoja mzaliwa wa Ujerumani, Jacques Offenbach, alifungua kaukumbi kadogo karibu na Champs-Élysées akaanza kuuza kitu tofauti: michezo mifupi, nyimbo za kushika upesi, densi, na mzaha wa kuwachokonoa wakubwa. Ndiyo opereta hiyo, yaani opera ndogo. Serikali haikutaka azisumbue kumbi kubwa, kwa hivyo leseni yake ilimbana: mwanzoni wahusika watatu tu, baadaye wanne. Unafikiri alitulia? Mwaka wa 1857, alipohitaji mhusika wa tano kwenye mchezo wake 'Croquefer', alimweka shujaa wa vita aliyekatwa ulimi. Hasemi, haimbi, basi sheria haijavunjwa. Mwaka uliofuata masharti yalilegezwa, naye akaachilia kazi kubwa kuhusu miungu walevi huko kuzimu, ile yenye muziki wa kankani ambao umewahi kuusikia hata kama hujui jina lake. Na ule ukumbi wa Bataclan uliogonga vichwa vya habari kwa shambulizi la 2015? Ulipewa jina kutokana na opereta ya Offenbach.

London nayo ikapata watu wake, W. S. Gilbert wa maneno na Arthur Sullivan wa muziki. 'H.M.S. Pinafore' yao ya mwaka wa 1878 ilipagawisha Marekani, ila hawakuona faida, kwa sababu sheria za huko hazikulinda kazi za wageni. Kila mwenye ukumbi aliicheza bila kulipa hata ndururu. Ni kama enzi za kanda feki za River Road, tofauti ni kwamba hapa walioiba ni mapromota wenye suti. Mwaka uliofuata Gilbert na Sullivan walipanda meli wenyewe, wakaifungua 'The Pirates of Penzance' papo hapo New York, Desemba 31, 1879, ili kujaribu kuwahi wezi. Ndiyo, mchezo unahusu maharamia.

Kwa hivyo New York ilishazoea stori zinazosimuliwa kwa nyimbo na densi. Lakini Marekani ilikuwa na starehe nyingine iliyokua pembeni, na hiyo ndiyo yenye masizi.

Kuanzia miaka ya 1830, wazungu walikuwa wakichoma vizibo vya chupa, wanasaga majivu yale meusi, wanajipaka usoni, wanaacha midomo mipana, kisha wanacheza na kuongea wakijifanya watumwa. Mmoja wao, Thomas Rice, alipata umaarufu kwa mhusika aliyeitwa Jim Crow. Ukisikia sheria za ubaguzi za Marekani zikiitwa sheria za Jim Crow, jina limetoka jukwaani, kwenye kichekesho. Mwaka wa 1843 kundi la wanaume wanne likaigeuza kuwa shoo nzima ya jioni, na kwa miongo iliyofuata hiyo ndiyo burudani iliyopendwa zaidi nchini humo. Shoo hizo ziliitwa minstreli.

Utumwa ulipokwisha mwaka wa 1865, wasanii weusi walianza kuingia kwenye kazi hiyo kwa wingi. Wakakuta kuna tatizo. Hadhira ilishafundishwa "mtu mweusi" anafanana vipi, na wao hawakufanana naye. Wengine walikuwa maji ya kunde, wengine weupe kidogo, wengine walitembea tu kama watu. Basi nao wakachukua kizibo na kiberiti.

Hapo ndipo ninapompenda Bert Williams, na pia ndipo anaponiumiza. Alizaliwa Nassau, Bahamas, mwaka wa 1874. Mrefu, mpole, mpenda vitabu, na si mweusi sana wa ngozi. Mwenzake George Walker alitoka Lawrence, Kansas: mfupi, mtanashati, maneno tele. Walikutana San Francisco mwaka wa 1893. Mwaka uliofuata kulikuwa na maonyesho makubwa ya biashara mjini humo, na waandaaji walitaka kuonyesha kijiji cha Waafrika kutoka Dahomey, ambayo leo ni Benin. Waafrika wenyewe wakachelewa safarini. Waandaaji hawakujali. Waliajiri weusi wa pale mjini, Williams na Walker wakiwemo, wakawaambia wajifanye Wadahomey hadi wenyewe watakapofika.

Wenyewe walipofika, vijana wetu walifutwa kazi, lakini hawakuondoka. Walishinda hapo wakiwatazama wale wageni wakiimba na kucheza. Walker aliandika miaka 12 baadaye kwamba ni pale ndipo walipoamua, siku wakipata shoo yao wenyewe, Afrika itakuwemo.

Wakati huohuo kulikuwa na Will Marion Cook, mtu mweusi aliyesomea fidla Berlin na kurudi nyumbani akakuta milango ya okestra za maana imefungwa. Cook alimtafuta Paul Laurence Dunbar, mshairi ambaye wazazi wake walikuwa watumwa, wakakesha usiku mmoja Washington wakiwa na bia, wiski na nyama, na kufikia alfajiri nyimbo za 'Clorindy' zilikuwa tayari. Kiangazi cha 1898 kazi hiyo ilichezwa juu ya paa la ukumbi wa Casino, Broadway, saa ambazo matajiri walipanda kutafuta upepo. Cook aliongoza okestra mwenyewe. Kijana aliyesomea muziki wa mabwanyenye Ulaya alikuwa ameingia Broadway kupitia paani.

Miaka mitano baadaye waliingia kupitia mlango. 'In Dahomey', muziki wa Cook, maneno ya Dunbar, hadithi ya Jesse Shipp, Williams na Walker wakiwa mastaa, ilifunguliwa Februari 18, 1903, katika ukumbi wa New York Theatre. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mchezo mzima wa muziki ulioandikwa na kuchezwa na weusi kuingia ukumbi mkubwa wa Broadway. Magazeti yaliandika kuhusu hofu kwamba fujo zingezuka. Hakukuwa na fujo. Kulikuwa na ngazi: watazamaji weusi walipelekwa kukaa orofani, mbali na watu wao wenyewe waliokuwa jukwaani.

Ilichezwa mara 53 kisha ikavuka bahari hadi London. Juni 23 mwaka huo waliitwa kutumbuiza katika uwanja wa kasri la Buckingham kwa siku ya kuzaliwa ya mjukuu wa mfalme aliyekuwa anatimiza miaka 9. Huyo mtoto ndiye aliyekuja kuwa Edward wa Nane, yule aliyeacha ufalme kwa ajili ya mwanamke.

Lakini kilichowamaliza Waingereza kilikuwa densi, ile ya 'cakewalk' ambapo jozi bora ilizawadiwa keki. Inasimuliwa kwamba ilianzia mashambani, watumwa wakiwaiga mabwana zao wanavyotembea kwa maringo kwenye sherehe. Mabwana walitazama, wakacheka, hawakujua wanaochekwa ni wao. Halafu wasanii wa minstreli wakawaiga watumwa waliokuwa wakiwaiga mabwana. Na sasa Aida Overton Walker, mkewe George na kwa maoni yangu mtu mwenye kipaji kuliko wote katika kundi lile, alikuwa akitafutwa na watu wa tabaka la juu awafundishe hatua. Hebu piga picha: tajiri analipa pesa ili afundishwe namna babu yake alivyodhihakiwa.

Mwaka wa 1906 walirudi na 'Abyssinia', mchezo uliowapeleka wahusika wao Ethiopia, miaka 10 tu baada ya jeshi la Menelik wa Pili kuwachapa Waitaliano kule Adwa. Menelik mwenyewe ni mhusika. Mfalme Mwafrika, mwenye nchi yake na sheria zake, jukwaani New York, mwaka huo! Na bado Williams alikuwa amesimama kando ya mfalme huyo uso ukiwa umepakwa masizi. Walker, mweusi kuliko Williams, alicheza bila masizi. Aliyekuwa na ngozi angavu ndiye aliyelazimika kuizima.

Kisha wakaanza kuisha. Walker aliugua mwaka wa 1909 katikati ya shoo yao 'Bandana Land', na Aida akavaa suti ya mumewe akacheza nafasi yake ili wenzake wasikose riziki. Walker alifariki mwaka wa 1911, Aida mwaka wa 1914. Williams alichukuliwa na Ziegfeld, produsa mkubwa wa kizungu, akawa mweusi pekee kati ya mastaa weupe. Kwa miaka kumi hivi Broadway karibu isahau kwamba watu weusi wamewahi kuwa na shoo zao.

Ndiyo maana ule usiku wa 1921 ulikuwa mzito. Waliokuwa pale mlangoni ni Miller, Lyles na Noble Sissle. Miller na Lyles walijuana chuo kikuu cha Fisk, wachekeshaji wenye vitabu kichwani. Sissle aliimba, Blake akacheza piano, na hawa wawili walikuwa na msimamo wao: walipanda jukwaani na suti nyeusi safi, bila masizi. Wanne hao hawakuwa na chapaa. Walizunguka na shoo mji baada ya mji wakilala na njaa ya nauli, na walipotua New York walikuwa na deni la karibu dola 18,000. Mavazi yao yalikuwa mitumba, masalio ya shoo za watu wengine zilizoanguka, na madoa ya jasho la waliotangulia yalikuwa bado kwapani. Walipopata mavazi ya Kiasia, walitunga wimbo wa Kiasia ili yasiharibike bure. Gikomba ingewaelewa kabisa.

Na stori yenyewe? Mji mdogo unachagua meya. Wagombea wawili ni washirika wanaomiliki duka pamoja, na kila mmoja anaiba pesa za duka kugharimia kampeni yake. Kila mmoja anashuku anaibiwa, kila mmoja anamwajiri mpelelezi, na mpelelezi ni yuleyule. Wanakubaliana kwamba atakayeshinda atampa mwenzake ukuu wa polisi. Mmoja anashinda, wanapewa vyeo, wanakosana, wanapigana jukwaani kwa dakika nyingi mno. Mwishowe mgombea wa tatu, kijana safi anayeitwa Harry, anawafagia wote. Nilisoma muhtasari huo mara mbili nikihakikisha sijafungua habari za siasa za hapa nyumbani. Wimbo wa kumsifu huyo Harry ulitungwa kama waltz, Lottie Gee akalalamika kwamba hauchezeki, Blake akauharakisha, na mwaka wa 1948 Harry Truman akautumia kuomba kura za urais.

Kutoka kwenye kundi lile dogo la mitumba walitoka watu wengi ajabu. Florence Mills alitambia hapo. Paul Robeson alipita kwa muda mfupi. William Grant Still, aliyekuja kutunga simfoni, alipuliza obo kwenye okestra. Langston Hughes aliandika kwamba kuiona shoo hiyo ilikuwa sababu mojawapo ya kuchagua kusoma New York. Josephine Baker, msichana wa miaka 15, alikataliwa: mdogo mno, mwembamba mno, mweusi mno. Alijiunga na kundi la safari kama msaidizi wa mavazi, akakariri kila hatua, na mchezaji mmoja alipokosekana akaingia. Miaka minne baadaye Paris nzima ilikuwa mikononi mwake. Lile neno "mweusi mno" lilisemwa na watu weusi wenzake. Wasichana wa kundi la densi walichaguliwa kwa weupe wa ngozi, jambo ambalo yeyote aliyewahi kupita maduka ya vipodozi kule downtown hahitaji kufafanuliwa.

Sasa turudi kwa masizi. Usiku uleule ambao wimbo wa mapenzi ulivunja mwiko, waandishi wawili walikuwa wamejipaka. Shoo ileile iliyowaruhusu weusi kupenda jukwaani iliendelea kuwaonyesha kama wezi wasiojua kusoma. Wengine husema hawakuwa na la kufanya, hadhira ilidai. Sikubaliani kabisa na hilo. Sissle na Blake walikuwa hapohapo, suti safi, nyuso zao wenyewe, na hadhira ileile iliwapigia makofi. Lakini nikikumbuka kwamba Miller na Lyles walikuwa wakifanya kazi hiyo miaka mingi kabla, na kwamba masizi ndiyo yaliyolipa kodi ya nyumba, nakosa nguvu za kuwahukumu.

Kuna filamu ya mwaka wa 1913 ambayo haikumalizwa, na ilikaa ghalani kwa karibu karne moja. Jumba la makumbusho la MoMA huko New York lilizitoa reli zake na kuzionyesha mwaka wa 2014. Mle ndani Bert Williams amepakwa masizi, lakini kila mtu anayemzunguka ana uso wake wa kawaida: warembo waliovalia vizuri, wanacheza, wanapanda bembea. Na kuna busu, Williams na Odessa Warren Grey. Ni kana kwamba waliwekeana sharti: mmoja wetu avae kinyago, ili wengine wapumue. Williams alikufa mwaka wa 1922 akiwa na miaka 47, bado akijipaka.

Utaichezaje kazi kama hii leo? Hilo ndilo swali ambalo waelekezi wa sasa wanaumiza nalo kichwa, na si kwa shoo za weusi pekee. Chukua 'The Mikado', opereta ya Gilbert na Sullivan ya mwaka wa 1885. Inachezwa kana kwamba ni Japani, wahusika wana majina ya ajabu, ila utani wote ni wa kuwapiga vijembe wakubwa wa Uingereza. Kwa miaka mingi wazungu walichora macho na kuvaa kimono. Mwaka wa 1986 kule London mwelekezi Jonathan Miller aliitupa Japani yote nje, akaiweka kwenye hoteli ya Kiingereza ya miaka ya 1920, kila kitu cheupe, na utani haukupungua. Mwaka wa 2015 kundi moja maarufu la New York lilitangaza kuicheza kwa mtindo wa zamani, Waamerika wa asili ya Asia wakalalamika, shoo ikafutwa. Ilirudi mwisho wa 2016 ikiwa na utangulizi mpya unaowaonyesha Gilbert na Sullivan wenyewe wakiwazia mchezo, ili ujue kwamba Japani unayoiona ni ndoto ya Mwingereza tu. Na kama unadhani haya ni mambo ya juzi, mwaka wa 1938 weusi wa Chicago waliicheza 'The Mikado' kwa muziki wa swing, ikatamba hadi produsa mwingine akaleta yake Broadway mwaka uliofuata.

'Shuffle Along' ilikuwa ngumu zaidi. Walijaribu kuirudisha mwaka wa 1952, na hadithi ikiwa imefanyiwa ukarabati, ikaanguka vibaya. Mwelekezi George C. Wolfe alipoichukua, hakuicheza. Yaani aliacha hadithi ya meya karibu yote, akabaki na nyimbo, na hadithi yake ikawa ya wale watu wanne: deni, mitumba, treni, ule usiku wa mlangoni, kisha jinsi walivyokosana na kusahauliwa. Ilifunguliwa Aprili 28, 2016, katika ukumbi wa Music Box. Audra McDonald alikuwa Lottie Gee, Billy Porter akawa Lyles, Brian Stokes Mitchell akawa Miller, na densi zilitungwa na Savion Glover, ambaye miguu yake ni ngoma kamili. Kwa njia hiyo masizi hayakufichwa wala hayakutumika kuchekesha. Uliwaona wanaume wawili wenye akili zao, na ukajua bei ya kicheko.

Nadhani Wolfe alifanya la busara, ingawa kuna kitu kinaniwasha. Ile hadithi ya wezi wawili wa kura ilikuwa nzuri! Ningependa siku moja mtu aicheze yote, bila masizi, waigizaji wa Nairobi, aone kama ukumbi hautapasuka kwa vicheko.

Shoo ya 2016 iliteuliwa kuwania tuzo 10 za Tony na haikupata hata moja, kwa sababu mwaka huo ulikuwa wa 'Hamilton', ambayo ilijaa wasanii wasio wazungu na kuzoa karibu kila kitu. McDonald alipata ujauzito, akatangaza mapumziko, na maprodusa wakaamua kwamba bila yeye tiketi hazitauzika. Julai 24 walifunga. Mara 100 pekee. Shoo kuhusu watu waliosahauliwa ilidumu miezi michache, na haikuacha hata albamu ya nyimbo zake.

Juzi nilikuwa natazama vichekesho na washikaji mtaani, na akapanda kijana mmoja ambaye kazi yake yote ni lafudhi. Lafudhi ya kabila lake mwenyewe, imevutwa hadi ikakatika, na mhusika ni mshamba, mchoyo, hajui lifti. Tulicheka, mimi nikiwemo. Halafu nikawaza anavyoongea akiwa nyumbani. Namjua mtu anayemjua, na husema jamaa ana sauti ya chini, Kiswahili kilichonyooka, na ameandika mchezo mzima ambao hajapata wa kuununua. Kila anapoitwa kazini anaambiwa jambo moja: lete ile ya kwenu.

Ukitaka kuwaona wale wa 1921 kwa macho yako, kuna filamu fupi iliyorekodiwa na Lee de Forest mwaka wa 1923, wakati sinema zenye sauti zilikuwa bado ni majaribio. Iko kwenye intaneti, dakika chache tu, haitakumalizia bando. Blake yuko kwenye piano, vidole havishikiki. Sissle amesimama kando akiimba kwa mikono na macho. Suti zimekaa, kipara kinang'aa, na hakuna kizibo mahali popote.